Mluzi wa Zawena

Haya ni kweli tupu. Anayebisha aende Lushoto akamuulize Mzee Shemdoe mwenyewe. Siku hizo, kama ada ya kumpokea mtoto, chuo kilimdai mzazi kumbukumbu yake moja kuhusu mwanawe, na ikishatumwa, kichwani mwa mzazi haibaki. Mzee, bingwa wa kutia chumvi, akatuma ya binti yake Zawena akienda shule amepanda chui.

“Baba, mashine ya chuo imekukamata kwa uongo! Tuma ya kweli, la sivyo jina langu linafutwa.”

Mzee akafumba macho, akalipa bila kumwambia Zawena ni ipi: siku aliyomfundisha mluzi wao wa kuitana.

Zawena akachaguliwa. Wiki ya kwanza chuoni akampigia simu, akaanza na mluzi.

“Mluzi mtamu, mwanangu. Nani kakufundisha?”

Zawena akacheka. “Baba na vituko vyako!”

Mzee akabaki na simu sikioni, akisubiri jibu.