Sukari ya Wabeligiji

Nondo ya Leonidas, msindikizaji wa mzigo, ilimpata Mughwai begani, na Mughwai hakuachia. Alikuwa amelikumbatia behewa kama mtu aliyekutana na ndugu yake, sikio amelibandika kwenye mbao, macho kayafumba. Ilibidi apigwe ya pili, ya mgongo, ndipo akaanguka kwenye kokoto za reli.

"Mwizi wa sukari wewe," Leonidas akamwambia, akimhemea usoni.

"Gunia lako sitaligusa," Mughwai akajibu, akitema damu. "Changu ni kingine."

Leonidas alicheka mpaka homa ikampanda. Behewa lile lilipakiwa Dar es Salaam, magunia ya sukari tupu mpaka karibu na dari, yeye akishuhudia. Mzigo ulikuwa wa Wabeligiji, unakwenda kwao Usumbura, na mlangoni ulining'inia muhuri wa madini ya risasi ambao Mwingereza hakuruhusiwa hata kuukoholea. Leo mtu wa Itigi naye ana chake humo ndani?

Behewa lilikuwa limekatwa kwenye treni hapo Itigi kwa sababu gurudumu lilishika moto. Gurudumu likatengenezwa siku ya tatu. Karatasi ndizo hazikutengenezeka. Mwingereza alisema behewa ni lake lakini sukari si yake, Mbeligiji aandike. Mbeligiji akaandika, kwa Kifaransa. Stesheni masta akaigeuza ile barua juu chini, akairudisha ikatafsiriwe. Kule Ulaya Wazungu hao wawili walikuwa upande mmoja wa vita. Itigi walipigana kwa mihuri. Siku zikafika ishirini na sita.

Naye Leonidas alikuwa na hofu moja tu. Msindikizaji aliyemtangulia, Simeoni, aliufikisha mzigo muhuri ukiwa umekatika. Wabeligiji walimlaza kifudifudi mbele ya mkewe, wakamchapa kiboko mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Tangu hapo Simeoni hakai. Hata kanisani, watu wakiketi, yeye husimama. Leonidas aliapa kwamba ngozi yake ataingia nayo kaburini ikiwa nzima.

Basi alilala mlangoni, akala mlangoni, na homa yake akaiugulia hapo hapo. Dresa wa Itigi alimpa kwinini, akamwonya kuwa dawa ile huimba masikioni. Ikaimba kweli. Iliimba mchana kutwa, vuuu, hasa alipoegemeza kichwa kwenye mbao apumzike. Vichaka vyote vilikuwa vimechanua, harufu yake inalewesha, na mbu wa nchi ile, ajabu, waliuma jua likiwa utosini. Kila saa Leonidas alijipiga kofi shingoni na kuilaani Tanganyika.

Mughwai akarudi. Safari hii alikata alama kwa kisu kando ya ufa wa ubao, mistari miwili na nukta, utadhani behewa ni ng'ombe wake. Leonidas akamng'oa meno mawili. Akarudi tena na mdogo wake Alute, wameshika mwenge unaofuka moshi mzito na chombo cha gome la mti. Wanataka kuchoma, Leonidas akawaza, ili wachote sukari kwenye vurugu. Hakuuliza. Alute alipoteza kipande cha sikio. Kilibaki katikati ya meno ya Leonidas, naye akakitemea kwenye ule mwenge. Mughwai alivunjwa mkono kwa nondo, mfupa ukachungulia nje. Stesheni masta alifunga dirisha lake, akaendelea kuandika.

Kristina, aliyewauzia abiria uji, ndiye aliyemfunga Mughwai mkono kwa kipande cha kanga. Kisha akampelekea Leonidas bakuli lake kama kawaida, maana mgonjwa ni mgonjwa.

"Mpishe, kaka," alimwambia. "Akimaliza shughuli yake, nawe utasafiri salama."

"Aseme basi anataka nini humo."

"Kwetu hakitajwi kabla hakijatolewa. Ukikitaja, kinahama."

Leonidas alisonya. Wezi wa kwao Urundi walau hawakuwa na mwiko.

Jumamosi karatasi zikaja, kwa lugha zote mbili. Behewa likaunganishwa. Mughwai alikuja bila mwenge, mkono umefungwa shingoni, midomo imevimba kama maandazi. Alilitazama behewa kama baba anayemsindikiza binti aliyeolewa mbali. Halafu akamgeukia Leonidas, kama mtu ambaye huruma na kisasi vinamgombania ulimi.

"Mgeni," akasema kwa mapengo yake, "ukifika, usifungue wewe. Mwachie Mzungu."

Leonidas akamtemea mate miguuni, akapanda.

Kigoma, kwenye gati la Wabeligiji ambako mzigo ungehamishiwa meli, bwana forodha aliukagua muhuri kwa miwani mbili. Mzima. Akampa Leonidas mkono mbele za watu, akaukata muhuri kwa koleo, akanyoosha mkono kuushika mlango.

Leonidas akakumbuka lile neno la Mughwai kule Itigi. Damu yote ile imwagike kwa ajili ya mlango huu, halafu aje aufungue mwingine? Akavua kofia, akaomba kwa adabu apewe heshima hiyo yeye.

Mzungu akatabasamu, akasogea pembeni.

Leonidas aliushika mlango kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukagonga mwisho. Na ule wimbo wa kwinini ukamtoka masikioni, ukamjia usoni, maelfu kwa maelfu: nyuki.