Kivuli cha Bomba

Sheria ilikuwa moja: mtambo wa kuchoronga husimama Kivuli kikisema, si mtu akisema. Kivuli ni ile picha ya kompyuta inayokokotoa, kila nukta, jinsi bomba la kuchorongea linavyojisokota kilomita tatu chini ya migomba ya kijiji. Atuganile aliuendesha mtambo akiwa jikoni kwake, kioo cha kompyuta kakiegemeza kwenye debe la unga.

Mama yake, Bi Subilaga, mchorongaji mstaafu, alikuwa akiosha mchele. Maji ya beseni yakatetemeka, yakatulia, yakatetemeka tena.

"Bomba linanasa na kufyatuka, mwanangu. Simamisha, litakatika. Enzi zetu tulitega kikombe cha maji tukajua."

"Kivuli kinasema shwari, mama. Nikisimamisha, watu wa kampuni wataninyang'anya leseni."

"Hicho Kivuli kimewahi kuosha mchele?"

Maji yakaruka, yakamlowesha Atuganile miguu. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mngurumo wa mtambo huko nje ukakatika, na beseni likatulia tuli.

"Leseni yao waje waichukue," akasema, "wataikuta chini ya beseni."

Bi Subilaga akacheka. Kisha akakiona kioo, akakisogelea. Mtambo umesimama, lakini mle ndani ya Kivuli bomba lilikuwa bado linazunguka, shwari kabisa.