Stempu za Bei Poa

Mzee Mansuetus Kinunda aliiinua stempu juani, akafumba jicho moja. Akaigeuza. Akapitisha ukucha kwenye meno ya pembeni, akalowesha kidole gumba kwa mate, akamsugua twiga aliyechorwa katikati, kisha akakiangalia kidole kama kimeshika rangi. Dorothy, mwenye meza, alimwacha amalize. Wateja wengine wa soko la Mbinga walibonyeza nyanya; huyu alibonyeza twiga.

Meza ile ilikuwa mtoto wa soko huria. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, hata mtu wa Lipingo kama Dorothy, aliyekulia kwenye usipa, dagaa wa ziwani, aliweza kupanda milimani akauza nyembe, betri, saa zilizotembea mpaka mnunuzi afike kona, na stempu za bei poa alizoletewa na watu wa Dar es Salaam. Watu walizichangamkia kweli kweli. Halafu tangazo likabandikwa kwenye mlango wa posta: barua yenye stempu bandia haitasafiri, itarudishwa kwa aliyeiandika.

Wa kwanza kurudishiwa alikuwa Mansuetus.

Alikuwa akimwandikia mwanawe, Tobias, aliyeondoka kijijini kwao Maguu wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na magari yao. Kijana alidandia mojawapo, akaenda zake Dar. Barua za mwanzo, zilizobandikwa stempu za posta zenyewe, zilifika Dar zikamezwa huko huko. Hakuna jibu, hakuna salamu. Mama wa kijana, Lidia, alifariki akiwa bado anauliza kama kuna barua.

Tangu hapo nyumba ilimzidi Mansuetus ukubwa. Kwa mazoea alisonga ugali wa watu wawili, akala wa mtu mmoja. Siku nyingine jua lilizama hajafungua mdomo kuzungumza na mtu. Upweke ulimuuma, na asingeona haya kulisema hilo, ila hakuwa na wa kumwambia.

Barua za Maguu zilikuja kwa sanduku la parokia. Jumapili baada ya misa, katekista Damiano alisimama kwenye ngazi za kanisa akasoma majina. Ukiitwa, unaitika, na bahasha inapita mkono kwa mkono mpaka inakufikia, huku kila mtu inayempitia akikutazama. Jina la Kinunda halikuwa limesikika pale kwa muda mrefu sana. Siku liliposomwa, mzee aliitika kwa sauti iliyowashtua hata waliokuwa wameshaanza kuondoka. Bahasha ikamfikia. Kumbe ni mwandiko wake mwenyewe, umegongwa muhuri wa kurudishwa.

Watu walimwonea huruma. Mama Hildegardi, jirani yake, aliwaacha wenzake akamsindikiza hadi nyumbani. Jioni katekista naye akaja kumpa pole, wakakaa mpaka chai ikaisha kwenye birika. Ikarudi barua nyingine, kisha nyingine tena, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Kijiji kizima kikawa kinamlaani huyo muuza stempu wa mjini, na wapo waliotaka ashtakiwe.

Ndiyo maana leo Dorothy alipomwona anakuja, bahasha mkononi, alijiandaa kutukanwa. Mzee hakutukana. Aliitikia shikamoo yake vizuri tu, akamweleza kwamba Jumapili hii ni sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, watu watakuja hata kutoka Litumbandyosi, na yeye anataka kitu kimoja basi: jina lake lisomwe. Safari hii, alisema, hataki kubahatisha. Kila stempu ataikagua mwenyewe.

“Lakini babu,” Dorothy alisema, “hata ikiondoka leo, jibu la Dar haliwezi kuwahi Jumapili.”

“Najua, mama.”

Dorothy alimhurumia. Baba yake naye alibaki Lipingo peke yake, akishona nyavu mlangoni, na yeye bintiye hakumbuki ni lini mara ya mwisho alimpelekea walau salamu. Alijisikia mwizi.

Mansuetus alichukua stempu ya pili, akaipeleka juani. Meno yalikuwa sawasawa. Alimsugua twiga wa tatu kwa nguvu, na kidole kikatoka kisafi. Uso wake ulizidi kukunjamana. Akauliza stempu hizi zimetoka wapi, maana hazifanani na zile.

Dorothy alishindwa kujizuia, akacheka kwa furaha. “Nimezinunua posta, babu, dirishani kabisa. Nimekununulia wewe. Ni halali hizo, na sitaki hela yako. Bandika, safari hii hairudi.”

Mzee alizipanga zile stempu moja moja juu ya meza, akazisawazisha kwa kiganja. Alimshukuru, akamwombea baraka kwa Mungu, na alionekana anamaanisha. Kisha akazisukuma taratibu zikarudi upande wa Dorothy.

“Na zile ulizokuwa ukiniuzia,” aliuliza, “umezipeleka wapi?”

Dorothy aliinama chini ya meza akatoa kopo la maziwa. Alikuwa amezificha humo, akisubiri kwenda kuzichoma.

“Hizi hapa. Lakini babu, ukizibandika hizi, barua haivuki pale posta. Wataikamata leo leo, na Jumapili katekista atakuita tena mbele ya watu wote.”

“Ndiyo,” alisema Mansuetus. “Nipe zote.”