Maji ya Kwanza

Enzi wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Fisi alishikwa na homa akaenda kwa Bibi Nungunungu, mganga wa mizizi. Bibi alichemsha mzizi, akamwaga maji yake kwenye shimo la jiwe nyuma ya nyumba, akatia mengine na kuchemsha upya.

“Bibi, mbona unamwaga dawa?”

“Maji ya kwanza hutoa sumu, mjukuu wangu. Ya pili ndiyo huponya.”

Fisi hakuamini. Angekuwa yeye mganga, sehemu iliyo nono angejifichia mwenyewe. Bibi alipoinama kuchochea moto, Fisi alinyata hadi kwenye lile shimo la jiwe. Pembeni hapakuota jani wala kupita sisimizi. Akalamba yote.

Homa ikashuka, ikazidi kushuka, hadi miguu ikawa baridi. Akacheka. Kisha akaona nzi, waliomfuata tangu utotoni, wakimwacha mmoja mmoja bila kuvuma, kama sisimizi walivyolikwepa lile jiwe.