Kipengele cha Tisa

Ramlo aliweka karatasi ya waranti juu ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme, mbele ya muuzaji, na kuinyoosha kwa kiganja. Friza yake ilikuwa imekufa tangu Jumatatu, na maziwa yote ya ngamia aliyoletewa kutoka Ijara yalikuwa yameharibika. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amelipia waranti ya miaka mitatu ya ziada, na muuzaji huyuhuyu ndiye aliyemshawishi.

"Mama, waranti haihusu tatizo lako," alisema muuzaji, amesimama chini ya feni. "Ulisoma kipengele cha tisa?"

Kiliandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ramlo alikisogeza machoni akakisoma polepole. Waranti haitatumika friza ikiwekwa mahali penye joto linalozidi nyuzi thelathini.

Jasho lilimdondoka kidevuni, likalowesha karatasi.

"Hapa Garissa," aliuliza, "ni mwezi gani joto halifiki hapo?"

"Masharti ni ya kampuni, mama. Mimi nauza tu."

"Wallahi, hata mwizi wa mbuzi ana haya. Yeye hujificha."

Muuzaji alicheka, akamgeukia mwanamke aliyekuwa akinunua friji. "Tia sahihi hapa, mama, utulie."

Ramlo aliishika kalamu ya yule mwanamke kabla haijagusa fomu ya waranti. Akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kufika mlangoni, "Dada, huyu anakuuzia mwavuli usioruhusiwa kunyeshewa."

Wateja wote waligeuka. Muuzaji peke yake hakuelewa, akaendelea kutabasamu mpaka yule mwanamke alipofunga mkoba wake.