Amina Iliyokosekana

Mvuke wa pasi ulijaa chumbani, na mashuka yalining'inia kimya kama mawingu. Dobi na shoga yake walishikana mikono, macho wameyafumba.

"Bwana, bariki safari yangu," shoga aliomba. "Naondoka bila kumuaga dada, nawe unajua alivyoniudhi. Amina."

Dobi alifumbua macho, akamtazama.

"Mbona huitikii?"

"Siwezi, mwenzangu. Nikiitikia nitakuwa nakudanganya mbele za Mungu. Dada yako hupita hapa kila Jumamosi, ananiuliza kama unakula vizuri."

Nje, basi la safari lilipiga honi. Shoga hakufumbua macho, wala hakuuachia mkono.

"Haya, tuombe tena," alisema polepole. "Anza wewe."