Geukia Ukutani

"Geukia ukutani," Fundi alisema. "Kichwa juu kidogo. Usicheke, mabega yanacheza."

Msichana akageuka. Gauni jekundu lilimkaa barabara, kuanzia kola mpaka pindo. Fundi alipiga picha tatu kwa simu, akachagua moja, akarudi kwenye cherehani yake. Huu ulikuwa mwaka wa saba akifanya hivyo: kila mwezi gauni jipya, kila gauni picha, kila picha kwenye blogu na maneno mawili matatu. Meno yameota. Kusoma ameshajua. Hisabati inampiga chenga. Uso hakuuonyesha hata siku moja, na wasomaji walimmwagia sifa kwa hilo. Baba mwenye akili, waliandika, mtandaoni kumejaa watu wabaya.

"Mtoto amechoka kusimama," alisema dada yake, aliyekaa kwenye kiti cha wateja akipachika vifungo. "Tena siku hizi anauliza kwa nini kila mara anapigwa picha ya mgongo."

"Ukamjibuje?"

"Nimjibu nini? Jibu unalo wewe."

Fundi alipiga magoti, akampima msichana unyayo kwa utepe, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi. Vipimo vya wateja wake vilikaa kwenye daftari kubwa, kila mtu na ukurasa wake. Vya msichana huyu viliandikwa kwenye vipande vya karatasi, na kazi ikiisha vilifagiliwa pamoja na mabaki ya vitambaa.

"Unyayo wa nini tena?" dada aliuliza. "Umeanza kushona viatu?"

Fundi akamsogezea simu. Chini ya picha ya mwezi uliopita palikuwa na maoni mapya: "Nimepata likizo. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo. Najua nilikosa, lakini nataka kumwona mwanangu kwa macho yangu. Nataka kumletea viatu. Niambie anavaa namba ngapi."

Sindano ikatulia mkononi mwa dada. "Anakuja."

"Anakuja."

"Futa hiyo blogu leo hii, mdogo wangu. Futa yote, kisha umpigie simu umwambie kwa mdomo wako."

"Namba yangu si aliifungia? Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Mke wa Fundi aliondoka kwenda kutafuta maisha nchi ya mbali, akamwachia mtoto wa miaka mitatu. Wiki ile mtoto alipochemka kwa homa, Fundi alipiga simu mara kumi na tisa bila kupokelewa. Ya ishirini haikuita kabisa. Ndipo akafungua blogu, akaipa jina la mtoto, maana alijua ipo siku mama yake atalitafuta jina hilo mtandaoni. Aliandika maneno manne tu: "Mtoto anaumwa sana. Anakuita."

Mama alilitafuta jina miezi miwili baadaye. Alichokikuta pale juu ni picha ya gauni la manjano, na ndani ya gauni mgongo wa mtoto. Akaandika: "Ahsante Mungu, amepona." Fundi aliandika jibu refu, akalifuta lote, akaandika neno moja: "Anakua." Tangu hapo hakuna picha iliyomaliza saa moja kabla ya kufunguliwa kutoka nchi ile ya mbali.

"Hebu niambie," dada alisema, "hii blogu unamwandikia nani? Mwanzo ulisema unatangaza kazi yako, nikakubali. Kisha ukasema ni kumbukumbu, nikakuonea huruma, nikanyamaza. Na sasa?"

Fundi alifikiri, na safari hii alifikiri kweli. Tangazo hakulihitaji, wateja walijaa mpaka mlangoni. Kumbukumbu alikuwa nazo kichwani, tena nyingi kuliko alivyotaka. Alichokipenda hasa ni ile saa moja ya kungoja. Kujua kwamba mahali fulani yule mwanamke anaikodolea macho picha, anaivuta iwe kubwa, anatafuta japo ukingo wa shavu na haupati. Lo, alikuwa akiifurahia saa hiyo! Ilimshibisha kuliko chakula.

"Nimeandika ili aone alichokiacha," alisema. "Ameona. Imetosha, leo naandika ya mwisho."

"Na Jumamosi?"

"Aje."

"Atamtaka mtoto wake. Unajua hilo?"

"Najua. Simzuii."

Dada alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. "Wewe una roho gani?" alisema polepole, akaanza kukusanya vifungo vyake.

Fundi alimjibu mwanamke: "Thelathini na nne. Anapenda vyekundu, vifanane na gauni." Akaiweka picha. Hazikupita dakika tano mwanamke akawa ameandika kwamba analia kwa furaha, kwamba anaomba aelekezwe nyumbani, amesahau njia.

Msichana alitoka nyuma ya pazia akiwa na sare yake ya shule, akaliweka gauni jekundu juu ya meza.

"Kwaheri, mjomba," alisema, akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Fundi alilikunja gauni vizuri, akaketi, akaandika maelekezo bila haraka, asije mtu akapotea: "Usije nyumbani. Shuka kituo cha mwisho, ingia lango jeupe, hesabu safu nne, kisha geukia ukutani. Jina lake limechorwa kwenye saruji, na tarehe ni ya wiki ile ya homa. Viatu usisahau."